Barabara ya Shaba, Barabara ya Nyanya: Historia ya Ilula na Njia Kuu ya Zambia

Ilula ni mji mdogo katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Msafiri anayetoka Morogoro huufikia baada ya kulivuka bonde la Ruaha Mbuyuni lenye joto na mibuyu, kisha kuupanda mlima Kitonga. Akishafika Ilula, Iringa mjini haiko mbali tena: zimebaki kilomita zisizofika 50.

Leo mji huu unasifika kwa nyanya na vitunguu. Sifa hiyo haikuletwa na udongo na maji peke yake. Ililetwa na barabara, na barabara yenyewe ilitokana na mgogoro uliozuka mbali sana na Uhehe, nchi ya Wahehe: uasi wa walowezi wa Rhodesia, shaba ya Zambia, na ushindani wa Marekani na China katika Afrika. Vitabu vingi vimeeleza mambo ya marais na mikataba. Historia ya Ilula inaonyesha upande mwingine, namna wakulima, madereva na wachuuzi walivyoichukua njia iliyojengwa kwa haja za wengine wakaifanya yao.

Uhehe kabla ya magari (hadi 1898)

Katikati ya karne ya 19, mtwa (yaani mtawala) Munyigumba aliziunganisha himaya ndogo ndogo za Wahehe kuwa dola moja yenye nguvu. Alipofariki karibu na mwaka 1879, palizuka ugomvi wa kurithi, na mwishowe mwanawe Mkwawa akashika utawala. Makao yake yalikuwa Kalenga, ngome iliyozungushiwa ukuta wa mawe.

Njia za wakati huo zilikuwa za miguu. Zilipita mabondeni na kandokando ya milima ya Udzungwa, zikibeba pembe za ndovu, chumvi, majembe, mifugo na mateka. Upande wa kaskazini ulikuwa na njia kubwa ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora, na majeshi ya Mkwawa yalikuwa yakiifikia na kutoza hongo. Kwa Wajerumani, waliokuwa wameanza kuitawala pwani, jambo hilo halikuvumilika. Aliyeidhibiti njia ndiye aliyeidhibiti biashara.

Mwaka 1891 Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, alipelekwa na kikosi cha askari zaidi ya 300 pamoja na wapagazi kwenda kuwaadhibu Wahehe. Tarehe 17 Agosti mwaka huo kikosi hicho kiliviziwa Lugalo, jirani na Ilula. Wapiganaji wa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao, waliwatokea askari waliokuwa kwenye mstari mrefu wa safari, wakakivunja kikosi kwa muda mfupi. Zelewski aliuawa pamoja na maofisa wenzake wengi na sehemu kubwa ya askari wake. Bunduki zipatazo 300 ziliangukia mikononi mwa Wahehe.

Wajerumani walirudi miaka mitatu baadaye. Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, lakini Mkwawa aliendelea na vita vya msituni hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe. Wajerumani waliweka mnara wa kumbukumbu ya askari wao waliouawa pale Lugalo. Jina la mahali hapo limebaki kuwa la heshima nchini, na limepewa pia kambi kubwa ya jeshi jijini Dar es Salaam.

Njia ya udongo, kodi na manamba (1898–1961)

Baada ya vita ilikuja kodi ya nyumba. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikupatikana kwa kulima ulezi na mahindi ya kula nyumbani. Wanaume walilazimika kutoka. Wengine walibeba mizigo ya serikali na ya wamisheni. Wengine walikwenda kwenye mashamba ya walowezi. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliwachukua wanaume wengi zaidi kuwa wapagazi wa majeshi, na mwaka 1916 Iringa ikaingia mikononi mwa Waingereza.

Waingereza waliikuta nchi ya nyanda za juu ikiwa haina reli, nao hawakuijenga. Badala yake walitegemea barabara ya udongo kutoka Dodoma kupitia Iringa hadi Mbeya na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), sehemu ya ile waliyoiita Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyokusudiwa kuunganisha Afrika Kusini na Misri. Shirika la reli liliendesha huduma ya malori na mabasi katika nyanda hizo. Aliyetaka kwenda Mbeya alishuka kwenye treni Dodoma na kupanda gari la reli. Njia ya moja kwa moja kutoka Morogoro kupitia Kitonga na Ilula ilikuwa ngumu kwa sababu ya mlima, mito na tope.

Katika miaka hiyo bidhaa kubwa iliyotoka Uhehe ilikuwa nguvu za watu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua, ambayo mawakala wake waliandikisha vijana wa nyanda za juu na kuwasafirisha kwenda Morogoro, Tanga na kwingineko. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba ya mkataba wake. Waliporudi walileta nguo, blanketi, baiskeli, na Kiswahili cha kambini. Wanawake waliobaki nyumbani waliubeba mzigo wa kulima, hasa vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevu na maji ya vijito. Ujuzi huo wa vinyungu, uliokuwa wa kujaza chungu cha nyumbani, baadaye ulikuja kuwa mtaji wa Ilula.

Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alimkabidhi Mtwa Adam Sapi Mkwawa fuvu la babu yake, yule Mkwawa aliyejipiga risasi Mlambalasi, fuvu lililokuwa limetajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919. Adam Sapi baadaye akawa Spika wa Bunge la nchi huru.

Wapimaji kutoka Marekani (1961–1965)

Tanganyika ilikaribia uhuru ikiwa na wahandisi wachache mno wa Kiafrika. Serikali ya Nyerere ilihitaji barabara za kuunganisha mashamba na masoko, na kabla ya kujenga ilibidi ardhi ipimwe. Mwezi Aprili 1961 Rais John F. Kennedy alitangaza kwamba mradi wa kwanza wa Peace Corps, shirika lake jipya la vijana wa kujitolea, ungekuwa Tanganyika. Kundi la mradi huo, la watu wapatao 35, lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walifundishwa Kiswahili na kazi katika chuo cha Texas Western, mjini El Paso, wakafika nchini kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961.

Huu ni ukurasa usiosimuliwa sana katika historia ya Marekani yenyewe. Wamarekani wengi huikumbuka Peace Corps kwa walimu wa shule, lakini Tanganyika ilianza kwa watu wenye darubini za upimaji, wakitembea porini na vibarua Watanganyika walioshika fito na minyororo ya kupimia. Mwaka huo huo Kennedy aliunda pia USAID, shirika la misaada ambalo baadaye liligusa barabara ya Ilula kwa kiasi kikubwa zaidi.

Uhusiano huo haukukaa shwari. Mwanzoni mwa 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, na mwaka 1969 Peace Corps iliondoka nchini, isirudi hadi 1979. Hata hivyo, kazi ya barabara iliendelea, kwa sababu jambo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kutokea upande wa kusini.

Mapipa ya mafuta na njia ya jehanamu (1965–1968)

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walitangaza uhuru wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ili kuzuia utawala wa Waafrika walio wengi. Zambia, iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla, ilijikuta imebanwa. Shaba yake, takriban tani 700,000 kwa mwaka, ilikuwa karibu mapato yake yote ya kigeni, na ilisafirishwa kwa reli kupitia Rhodesia hadi bandari ya Beira. Mafuta yake yalipita huko huko. Desemba 1965 mafuta yakakatwa.

Kwa miezi michache Uingereza, Kanada na Marekani zilisafirisha mafuta kwa ndege. Ndege za jeshi la Uingereza ziliruka kutoka Dar es Salaam zikiwa na mapipa, na makampuni ya Kimarekani ya Pan Am na TWA yaliruka kutoka Kongo. Lakini ndege haiwezi kuilisha nchi yenye migodi. Ilibaki barabara ya udongo ya takriban kilomita 1,900 kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka, nayo ilipita Ilula.

Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na wabia wa Kiitalia, ziliunda kampuni ya pamoja ya usafirishaji, Zambia-Tanzania Road Services, na malori mengi ya Fiat yakaletwa. Yalikwenda na mafuta, yakarudi na shaba. Wakati wa kiangazi vumbi lilifunika kila kitu. Wakati wa masika malori yalizama kwenye tope hadi ekseli, na foleni zikakaa siku kadhaa mahali pamoja. Madereva waliokuwa wakizungumza Kiingereza waliipa njia hiyo jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Kitonga ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoogopwa zaidi. Lori lililobeba shaba likipata hitilafu ya breki kwenye mteremko lilikuwa na upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili korongo.

Wakazi wa vijiji vya kando ya njia walianza kuishi na malori. Lori lililokwama lilihitaji mikono ya kusukuma, majembe ya kuchimbua tairi na matawi ya kutandika juu ya tope. Dereva na utingo wake walihitaji ugali, maharage, maji ya kuoga na mahali pa kulala. Kwa mara ya kwanza fedha ilikuja yenyewe hadi mlangoni, bila kijana kwenda mkongeni.

Mzigo wa mafuta ulipungua mwaka 1968, bomba la TAZAMA lilipokamilika. Bomba hilo la kilomita 1,710, lililojengwa na Waitalia, lilipeleka mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Shaba na bidhaa nyingine ziliendelea kwa malori.

Lami na reli (1968–1976)

Nyerere na Kaunda walitaka reli. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikataa kuifadhili kwa madai kwamba haitalipa. Mwaka 1966 taasisi ya utafiti ya Stanford, huko California, ilifanya uchunguzi wa njia ya Tanzania na Zambia na kuunga mkono ujenzi wa barabara ya kisasa. Mwezi Septemba 1967 China ilitia saini mkataba wa kujenga reli. Tangu hapo Marekani ilikuwa na sababu mbili za kutaka barabara imalizike: mahitaji ya Zambia, na hofu ya kuachwa nyuma na Wachina.

Ujenzi wa barabara kuu ya Tanzania na Zambia ulifanyika kwa vipande kati ya 1968 na 1973. Fedha zilitoka USAID, Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Milima ilikatwa, makalavati yakatandazwa, madaraja yakainuliwa na tabaka za kokoto zikashindiliwa kabla ya lami. Vijana wa vijijini walipata kazi za kibarua: kupasua mawe, kuchimba mifereji, kuendesha mitambo na kulinda kambi. Baadhi yao walijifunza kazi za ufundi na udereva walizoendelea nazo maisha yao yote.

Wakati huo huo, kuanzia Oktoba 1970 hadi Juni 1975, maelfu ya wafanyakazi wa China na Watanzania na Wazambia wengi zaidi walijenga TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Reli hiyo haikupita Iringa. Ilifuata bonde la Kilombero hadi Mlimba, ikapanda hadi Makambako, na kutoka hapo ikaenda sambamba na barabara kuelekea Mbeya. Makambako na Mbeya zilipata reli na lami kwa pamoja. Ilula ilipata lami peke yake, na maisha yake yote ya kiuchumi yakaelekea barabarani.

Siasa ni Kilimo na vijiji vya ujamaa (1967–1985)

Lami ilifika wakati nchi ikibadilika. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limetangaza ujamaa na kujitegemea. Katika Isimani, kaskazini mwa Iringa, wakulima wakubwa wa mahindi walikuwa wamestawi tangu miaka ya 1950, na kampeni ya kugeuza mashamba hayo kuwa ya kijiji ilileta msuguano mkali. Siku ya Krismasi ya 1971 mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumwua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, katika shamba la Mwamwindi mwenyewe. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Tukio hilo liliitikisa nchi nzima na kuacha kovu katika mkoa.

Mwezi Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ikikutana Iringa, ilipitisha azimio la Siasa ni Kilimo, lililosisitiza mbegu bora, mbolea, kilimo cha kisasa na umwagiliaji. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Katika 1974 hasa, kaya zilizotawanyika milimani na mabondeni zilihamishiwa kwenye vijiji vilivyopimwa, vingi vikiwa kando ya barabara ili shule, zahanati na maji viweze kufika. Wengi waliacha makaburi ya wazee wao, miti ya matunda na vishamba vilivyotunzwa kwa miaka. Uchungu wa kuhamishwa haukusahaulika. Lakini mpangilio huo mpya uliwaweka watu wengi mahali pamoja, karibu na lami, na hilo lilikuwa na matokeo ambayo wapangaji hawakuyalenga.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 uchumi uliyumba. Vita dhidi ya Idi Amin, bei za mafuta na upungufu wa fedha za kigeni viliikausha nchi. Sabuni, sukari na vipuri viliadimika. Lami ilipasuka na kuchimbika mashimo bila matengenezo ya kutosha. Mahindi yalinunuliwa na Shirika la Taifa la Usagishaji kwa bei ya serikali, na malipo mara nyingi yalichelewa. Nyanya na vitunguu havikuwa na bodi wala shirika la umma la kuvinunua. Mkulima wa kinyungu aliyekuwa na makapu mawili ya nyanya aliweza kuyauza kwa yeyote aliyesimamisha gari. Jambo hilo dogo ndilo lililoipa Ilula mwelekeo wake.

Zao la tenga (1985–2010)

Baada ya Ali Hassan Mwinyi kuingia madarakani mwishoni mwa 1985, biashara ilifunguliwa. Watu binafsi walinunua malori, mazao yakasafiri bila vibali vingi, na Dar es Salaam ilikuwa ikikua kwa kasi. Mpango mkubwa wa ukarabati wa barabara ulianza mwaka 1990 kwa msaada wa Benki ya Dunia na wahisani. Jiji lenye njaa ya mboga lilikuwa sasa mwendo wa usiku mmoja kutoka Ilula.

Nyanya, kama mahindi, asili yake ni bara la Amerika. Mbegu zilizoenea Tanzania katika miaka hiyo nazo zilikuwa na historia ya huko. Roma ilizalishwa katikati ya miaka ya 1950 katika kituo cha Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, na Cal J ilitokana na kilimo cha nyanya za viwandani cha California. Huko, katika miaka ya 1960, watafiti walikuwa wakitafuta nyanya yenye ngozi ngumu ili ivunwe kwa mashine bila kupasuka. Ugumu huo wa ngozi, uliotafutwa kwa ajili ya mashine za California, ulimfaa sana mkulima mwenye mzigo wa kupita Kitonga, Mikumi na Morogoro. Mwaka 1997 kituo cha utafiti cha Tengeru, mkoani Arusha, kilitoa aina za Tanya na Tengeru 97, na wakulima wengi wakazipokea.

Kazi yenyewe ina hatua zake. Mbegu husiwa kitaluni na kufunikwa kwa nyasi. Baada ya majuma machache miche huhamishiwa shambani kwenye mistari, ikamwagiliwa kwa mifereji, kwa ndoo au kwa pampu. Hufuata palizi, mbolea na kupiga dawa mara kwa mara, hasa wakati wa mvua ambapo ukungu huweza kulimaliza shamba lote kwa siku chache. Nyanya za kwenda mbali huchumwa zikiwa zimeanza tu kubadilika rangi, kwa sababu iliyoiva kabisa haifiki. Hupangwa kwenye tenga la mianzi au sanduku la mbao lililotandikwa majani, za chini zikiwa ngumu na za juu zikiwa za kuvutia macho. Vibarua hubeba kutoka bondeni hadi barabarani. Hapo dalali hukutanisha mkulima na mnunuzi, bei hutajwa, na jioni fuso hujazwa. Alfajiri mzigo unashushwa sokoni Ilala, Dar es Salaam.

Mnyororo huo uliwalisha wengi: wasuka matenga, wabebaji, wapakiaji, madalali, wauza mbegu na dawa, mama lishe, mafundi wa pampu. Ulikuwa pia na dhuluma zake. Mkulima asiye na ghala hawezi kusubiri; nyanya ikishachumwa, saa zinahesabika, na mnunuzi analijua hilo. Msimu wa wingi bei huanguka hadi gharama za kuchuma zishinde mapato, na mazao huachwa yaozee shambani. Kwenye vitunguu kulikuwa na lumbesa, gunia lililoongezewa kichwa juu ya kipimo, ambalo Wakala wa Vipimo umelipiga vita kwa miaka mingi.

Ilula ilipanuka kutoka kijiji hadi mji mdogo, na mwaka 2002 ikaingia katika wilaya mpya ya Kilolo, iliyomegwa kutoka Iringa Vijijini. Iringa mjini, kiwanda cha Dabaga kilifanya jina kwa sosi na mboga za kusindika. Mwishoni mwa kipindi hiki barabara kati ya Iyovi na Iringa ilikarabatiwa upya kwa ufadhili wa Denmark.

Gharama ya njia kuu: UKIMWI na hospitali

Barabara iliyoleta wateja ilileta pia maradhi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na miaka michache baadaye virusi vilikuwa vimeenea kwenye vituo vya malori, masoko na miji ya njia kuu. Utafiti wa kitaifa wa 2007 na 2008 ulikuta maambukizi mkoani Iringa, uliojumuisha Njombe wakati huo, yakiwa karibu asilimia 16 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 6. Hakuna mkoa uliokuwa juu zaidi. Bibi walirudi kuwa walezi wa watoto wachanga, na wajukuu wakawa wakuu wa kaya.

Hapa tena wananchi wa kawaida wa Marekani wanaingia katika simulizi, safari hii si kwa fedha za serikali. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania imekuwa na udugu na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, unaoitwa Bega kwa Bega. Usharika wa kule huunganishwa na usharika wa huku. Waumini huombeana, huandikiana, hutembeleana na kuchangia karo na huduma. Kituo cha afya cha Kilutheri cha Ilula kilikua kwa juhudi za dayosisi na marafiki hao hadi kuwa hospitali yenye chuo cha uuguzi. Kwa mji ulio kwenye barabara yenye ajali nyingi, hospitali ya jirani ilikuwa uhai.

Mwaka 2003 Rais George W. Bush alitangaza PEPFAR, mpango wa fedha wa kupambana na UKIMWI, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopewa kipaumbele. Kuanzia 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini. Waliokuwa wakisubiri kufa walirudi mashambani.

Kantangaze, viwanda na mwisho wa USAID (2010–2025)

Mwaka 2010 serikali ilizindua SAGCOT, mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini uliofuata barabara na reli kutoka Dar es Salaam hadi mpakani. Nyanya za Iringa zilipata nafasi katika mpango huo, na hoja ya kusindika mazao karibu na shamba ikapata nguvu.

Kisha adui mpya akaingia. Mwaka 2014 nondo wa nyanya mwenye asili ya Amerika Kusini, aliyefika Hispania mwaka 2006 na kusambaa Afrika, aligunduliwa Tanzania. Viwavi wake hutoboa majani na matunda, nao huzoea dawa upesi. Wakulima walimwita kantangaze. Mashamba yaliyoonekana ya kijani mwanzoni mwa juma yalikuwa yameungua mwishoni mwake. Gharama za dawa zilipanda, na waliokopa waliumia zaidi. Wataalamu walisisitiza mitego, kubadilisha mazao na kuteketeza masalia, badala ya kutegemea dawa peke yake.

Tarehe 1 Julai 2025 USAID ilisitisha kazi zake kama shirika, miaka zaidi ya 60 tangu Kennedy alianzishe. Miradi mingi ya afya na kilimo nchini iliguswa. Lami iliyolipiwa kwa sehemu na shirika hilo ilikuwa imekwisha kutandikwa upya na wengine.

Hitimisho

Kila aliyeigusa njia ya Ilula alikuwa na lake. Wajerumani walitaka kuwatiisha Wahehe, Waingereza walitaka kuunganisha makoloni yao, Zambia ilitaka kuokoa shaba yake, Marekani ilitaka kushindana na China, na serikali ya TANU ilitaka vijiji vya ujamaa. Hakuna aliyeandika popote kwamba barabara hii ingekuwa ya nyanya. Hayo yalifanywa na wakulima wa vinyungu, wanawake kwa wanaume, waliosoma mazingira yao, wakachukua mbegu za kigeni na lami ya kigeni, wakajenga soko kwa mikono yao.

Watu waliosukuma malori ya mafuta kwenye tope la 1966 na waliopasua mawe ya barabara sasa ni wazee sana, na wengi wamekwisha kutangulia. Shule, sharika, misikiti na halmashauri ya Kilolo zina wajibu wa kuwasikiliza waliobaki na kuyaandika wanayoyakumbuka, kwa majina na mahali, kabla hayajapotea. Historia ya Ilula ni mali ya wana Ilula, na wao ndio wenye haki ya kwanza ya kuiandika.